Miaka minne na kidhibiti cha tangi la matumbawe: uzoefu wangu na Apex EL

Agosti 2020 nilirudi kutoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, nikagusa kioo cha tangi nikakuta kina uvuguvugu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 31.4. Hita ilikuwa haijazima usiku kucha, kwa sababu vile vibamba vya chuma vinavyoachana ndani ya thamostati yake vilikuwa vimeungana. Ni kasoro ya kawaida ya hita yoyote iliyotumika muda mrefu. Matumbawe yangu yote sita ya matawi yalipauka, na ndani ya wiki moja yalikuwa mifupa mitupu.

Mimi ni mtoto wa Sahare, Tanga, ingawa sasa naishi Houston. Nimekua nikisikia baruti za wavuvi zikilia baharini, na nimepiga mbizi juu ya mafungu yaliyogeuka kifusi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, tuliona matumbawe ya pwani yetu yakiwa meupe kama chokaa. Kuona weupe uleule sebuleni kwangu, kwa hita niliyoinunua mimi, kuliniuma sana. Kila kipande nilichokuwa nacho kilikuzwa tangini, hakuna kilichovunjwa baharini, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuona nimepewa amana nikaipoteza.

Ndipo nikaanza kutafuta kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayosoma sensa zilizo majini na kuwasha au kuzima soketi kufuatana na inachosoma. Tangi langu ni la galoni 75, karibu lita 280, na chini ya kabati lina tangi la pili lenye hita, pampu ya kurudishia maji na mashine ya kutoa uchafu kwa povu.

Cha bei nafuu kabisa ni thamostati ya nje kama ile ya Inkbird: sensa moja, soketi moja ya kupasha na moja ya kupoza, na kengele joto likizidi. Haifiki dola 50. Kama una hita tu ya kuhofia, nunua hiyo leo na usome yaliyobaki kesho. Mpwa wangu anayesoma uhandisi alipendekeza reef-pi, programu huria ya bure inayotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu. "Mjomba, hii tunaiunda wenyewe wikendi moja tu," alisema, na sina shaka angeweza. Lakini mimi nakaa wodini saa kumi na mbili mfululizo na yeye yuko chuoni mji mwingine. Waya ukilegea, nani ataukaza? Niliangalia pia ProfiLux ya GHL kutoka Ujerumani, na HYDROS, ambayo kila kisanduku chake kina akili yake na vinaunganishwa vikafanya kazi pamoja. Zote mbili ni vifaa vya heshima. Nikachukua Apex EL ya Neptune Systems kwa sababu moja kubwa: wanaoitumia hapa ni wengi, na swali lolote la saa nane usiku nilikuta limeshajibiwa na mtu.

EL ndiyo ndogo katika familia ya Apex ya wakati ule. Inapima joto na pH, yaani kiasi cha asidi majini, na inakuja na ekstensheni yenye soketi nane, kila soketi ikipima umeme unaotumika. Haipimi chumvi. Sikuona hasara, kwa sababu refraktomita, kifaa cha mkononi cha kupimia chumvi, kila Jumamosi inanitosha, na kwenye tangi linalojaziwa maji vizuri kufidia yanayogeuka mvuke chumvi haibadiliki kwa ghafla.

Kipimo cha umeme kwa kila soketi nilidhani ni pambo. Sasa ndicho ninachokitegemea kuliko pH. Soketi ya hita ikiwa imewashwa na wati zikasoma sifuri, hita imekufa, na simu inanijulisha kabla maji hayajapoa. Pampu ikianza kula umeme tofauti na ilivyozoea, najua imeziba au inataka kusafishwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya kulipa. Karibu kila mtu anayechagua kidhibiti anauliza kinapima vitu vingapi. Mimi nakuomba uulize kwanza: kikifa, kinaacha vyombo vyako katika hali gani? Kwenye Apex, ubongo ni kisanduku kimoja na ekstensheni ni kingine, vimeunganishwa kwa kebo. Ubongo ukizima au kebo ikichomoka, kila soketi inakwenda kwenye hali uliyoipangia mapema. Mwezi wa kwanza sikuipangia chochote cha maana, nilikuwa nashughulika na rangi za taa. Siku niliyochomoa kebo kwa makusudi ili nione, pampu ya kujazia maji yasiyo na chumvi ikabaki inazunguka. Nilisimama palepale nikiifikiria ikiendelea hivyo usiku mzima mimi nikiwa kazini.

Nilivyopanga tangu siku hiyo ni hivi. Pampu ya kurudishia maji: ubongo ukifa, ibaki inafanya kazi. Pampu ya kujazia maji: izime, bila mjadala. Hita: ibaki imewashwa, maana ina thamostati yake mwenyewe. Hapa watu wengi hukosea, wanaifungua thamostati ya hita mpaka mwisho ili kidhibiti kitawale peke yake. Mimi kidhibiti kinashika maji kwenye 25.5, na thamostati ya hita nimeiweka 26.5. Walinzi wawili, mmoja juu ya mwingine.

Na hita sasa ni mbili za wati 150 badala ya moja ya 300. Hesabu yake ni rahisi: wati 300 hupandisha lita 280 kwa nyuzi moja kwa saa moja na dakika tano hivi, ukiacha joto linalopotea hewani. Kwa zamu ya saa kumi na mbili, hiyo inatosha kuua kila kitu. Hita moja ya wati 150 ikikwama imewaka peke yake inachukua muda mara mbili, na mara nyingi inazidiwa na joto linalotoka kabla haijafika mbali.

Sensa ya joto iweke karibu na hita, kwenye tangi la chini. Niliiweka juu mwanzoni kwa sababu matumbawe yako juu. Pampu ikisimama, maji ya juu yanapoa, sensa inadai joto, na hita inaendelea kuchemsha maji machache ya chini ambayo hayaendi popote.

Kujaza maji kulinipa somo jingine. Konokono alipanda akakaa juu ya sensa ya mwanga inayopima kimo cha maji, nayo ikadhani maji yamepungua. Kwa bahati nilikuwa nimeweka kikomo cha dakika tatu, pampu ikajizima. Tangu hapo pipa langu la maji yasiyo na chumvi ni la lita 20 tu. Hata yakiingia yote, chumvi inashuka kutoka 35 hadi karibu 32.7 kwa elfu, kiasi ambacho matumbawe yanaweza kuvumilia. Mwenye pipa la lita 100 hana bahati hiyo.

pH isikukoseshe usingizi. Nyumba za Texas zinafungwa madirisha kwa sababu ya kiyoyozi, hewa tunayotoa inajaa ndani na kuyaongezea maji asidi, na usiku usomaji wangu ulikuwa ukishuka hadi 7.8. Nilitaka kununua kemikali. Mke wangu akafungua dirisha la sebuleni, na kufika asubuhi ilikuwa 8.1. Sensa ya pH yenyewe inachakaa pia. Nimeshabadilisha mara mbili kwa miaka minne, kwa hiyo sikuruhusu soketi yoyote iwashwe au izimwe na pH.

Mtihani mkubwa ulikuja usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15 Februari 2021. Baridi iliyoshuka Texas iliilemea gridi ya umeme, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zikabaki gizani. Nilikuwa kazini. Ubongo wa Apex na ruta ya intaneti nilikuwa nimeviweka kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, na ujumbe wa kwamba umeme umekatika ukanifikia kabla mke wangu hajaamka. Nikampigia. Akawasha pampu ya hewa ya betri, akazungushia tangi mablanketi. Asubuhi tulichemsha maji kwenye jiko la gesi, tukayajaza kwenye chupa tukazielea tangini, na tukabadilishana hivyo mpaka siku ya pili. Grafu ilikuwa ikishuka polepole: 24, 22, halafu ikasimama 20.6.

Kidhibiti hakizalishi umeme, na aliyekinunua bila pampu ya betri hajajiandaa, maana hewa huisha majini kabla baridi haijaua. Lakini umeme uliporudi niliona thamani yake. Maji ya juu yalikuwa yameshukia tangi la chini, na kama mashine ya povu ingewaka wakati uleule na pampu, ingefurika na kumwaga uchafu sakafuni. Nilikuwa nimeipangia isubiri dakika kumi. Ikasubiri. Tulipoteza tumbawe moja tu.

Ninachokilalamikia ni kujifunza. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na kuandika masharti ya kila soketi kunataka utulivu wa jioni kadhaa. Nilifanya soketi mbili kwa wiki, nikijaribu kila moja kabla ya kwenda nyingine.

Ndugu zangu wa Dar na Mombasa wanaoniuliza kama nitume kimoja: ekstensheni inayouzwa Marekani ni ya volti 120, na huko kwetu ni 230 hadi 240. Agizeni toleo la Ulaya au Uingereza, na mbele yake wekeni stabilaiza nzuri.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nachomoa ile kebo, nahesabu soketi moja moja kama ziko nilivyozipanga, halafu nairudisha. Inachukua dakika nne. Mwezi uliopita soketi ya sita ilikuwa kinyume, baada ya mimi kubadilisha taa na kusahau. Nikairekebisha, nikaenda kulala.