Kipimo cha kutembea dakika sita: uzoefu wangu wa fiziotherapia ya moyo, Mbeya

Mimi ni mama wa miaka 61. Moyo wangu umetanuka kwa presha niliyoipuuza miaka mingi nikiuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, nimeshapigwa mara tatu, kipimo cha umeme wa moyo sikumbuki mara ngapi, na vyote hivyo nimepimwa nimelala kitandani. Shida yangu mimi hainikuti kitandani. Inanikuta nikirudi nyumbani, maana kwetu ni upande wa Loleza na kila njia ni kilima. Daktari aliponiandikia fiziotherapia nikacheka, nikijua huko ni kwa waliopooza na waliovunjika miguu.

Siku ya kwanza iliharibika, na nusu ya kosa ni yangu. Nilidhani ni kama kipimo cha sukari, nikaenda sijala na dawa sijameza. Nikakaa benchi kwa muda wa karibu saa tatu. Kijana wa fiziotherapia aliponifunga mashine ya presha ikasoma 192 kwa 104. Akaniacha nipumzike, akarudia, bado ilikuwa imevuka 180.

"Mama, leo sikutembezi. Presha hii ukiwa umekaa tu, kutembea haraka ni hatari. Dawa umemeza saa ngapi?"

Nikanyamaza. Akanipeleka kwa daktari nionwe kwanza, nikapangiwa wiki inayofuata. Nusu nyingine ya kosa ni ya kwao. Kwenye kadi waliandika tarehe tu, hakuna aliyeniambia nimeze dawa kama kawaida, nile kidogo, nivae viatu vya kutembelea. Nilikwenda na kandambili!

Wiki iliyofuata nilivaa raba za mjukuu. Yule kijana akaanza na maswali ambayo sikuwahi kuulizwa popote. Unalalia mito mingapi? Mitatu. Mwaka jana je? Mmoja. Unashtuka usiku ukitafuta pumzi? Viatu vinakubana jioni? Ndoo ya lita 20 unaibeba? Nikamwambia ya 10 naiweza, ya 20 nimemwachia mjukuu. Halafu akaniomba ruhusa aangalie miguu, akamwita nesi wa kike asimame pale (hapo alinipendeza sana), nikapandisha khanga. Akanibonyeza ugoko kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akatoa. Pakabaki shimo, kama umebonyeza unga wa chapati uliolala, dalili ya maji yaliyojaa miguuni. Mimi miguu hiyo naiosha kila siku na sikuwahi kulijua hilo shimo. Akaniangalia na mishipa ya shingo, akasikiliza mapafu mgongoni chini.

Ndipo tukaenda kwenye korido. Amepima mita 30, koni huku na koni kule, kiti pembeni. Kazi yako ni kwenda na kurudi kwa dakika sita, mbali kadiri unavyoweza, bila kukimbia. Ukichoka unasimama, unaegemea ukuta, lakini saa haisimami. Kidoleni nimebanwa kile kifaa cha oksijeni. Kabla ya kuanza kilisoma 94 nikashtuka, akaniambia nisihofu, Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, watu wa huku husoma chini kidogo kuliko wa Dar es Salaam. Akanionya pia kuwa nikisikia kifua kinabana, kizunguzungu au jasho la baridi, niseme hapohapo, tunaacha.

Dakika ya tatu machela ikakatiza katikati ya koni, nikabaki nimesimama kama bajaji kwenye foleni. Korido ya kupimia watu isiwe njia ya kwenda wodini jamani. Ya nne nikaegemea ukuta mwenyewe. Nilimaliza mita 255.

Mwisho akanionyesha karatasi ya namba 6 mpaka 20 nichague nimechoka kiasi gani. Nikasema 15. Nikamuuliza kwa nini inaanzia 6 badala ya moja. Kumbe aliyeitunga, Msweden Gunnar Borg, alitaka ukizidisha namba kwa 10 upate kama mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya. Kwangu hesabu hiyo inagoma, kwa sababu bisoprololi ninayomeza inayashika mapigo breki. Nilihema kama niliyepanda Rungwe, mapigo yakawa 98 tu. Kwa hiyo kwa sisi wa dawa hizo anaamini zaidi tunavyojisikia kuliko mashine. Hilo peke yake lilinitosha, maana nyumbani nilikuwa nikijipima mapigo, naona yako chini, najisukuma.

Kazi aliyonipa ni hii: dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwenye tambarare, mwendo ambao naweza kuongea lakini kuimba siwezi. Nikinyanyua ndoo nisizuie pumzi. Na nijipime uzito kila asubuhi kabla ya chai, nikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 niwahi hospitali, hayo ni maji, sijanenepa. Nimeshaongezeka hivyo mara moja, baada ya msiba Tukuyu nilikokula chumvi ya watu. Wakanibadilishia dozi ya dawa ya kutoa maji mwilini, uzito ukashuka.

Baada ya wiki nane nilirudia. Mita 310, sikuegemea ukuta, mito imebaki miwili. Benchi lilikuwa la saa tatu vilevile, na kwenye kadi bado wanaandika tarehe tu. Mama mmoja jirani yangu pale benchini alikuwa amekuja na njaa na dawa zake ziko kwenye pochi. Nikamnunulia maandazi na maji, akameza.