Uzoefu wangu na seti ya vitufe vya kujengea molekuli

Nafundisha twisheni ya kemia, na mada inayowasumbua kidato cha pili kuliko zote ni jinsi atomi zinavyoungana. Wanakariri kwamba atomi inatafuta elektroni 8 kwenye tabaka la nje, lakini ukiwauliza kwa nini maji ni H2O na si H3O, kimya. Ndiyo maana nikanunua seti hii ya vitufe vya plastiki na vijiti vyake.

Uzuri wake uko kwenye matundu. Haidrojeni, nyeupe, ina tundu 1. Oksijeni, nyekundu, 2. Naitrojeni, ya bluu, 3. Kaboni, nyeusi, 4. Kila tundu ni elektroni iliyo peke yake, inayohitaji mwenzake. Oksijeni ina 6 nje, imepungukiwa 2. Ipe haidrojeni mbili, zichangie elektroni: oksijeni inafikisha 8 kama neoni, kila haidrojeni, ambayo tabaka lake hujazwa na 2 tu, inafikisha 2 kama heli. Binti mmoja alishika haidrojeni ya tatu, akaigeuza oksijeni yake huku na huku akitafuta pa kuichomeka. Akasema mwenyewe, "Mwalimu, hii imeshiba." Sikuwa na la kuongeza.

Naitrojeni ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kuunganisha mbili unatumia vijiti 3 vinavyopinda, na kuzitenganisha lazima ukaze mkono kweli. Hapo nawaambia kwamba karibu asilimia 78 ya hewa ni hiyo hiyo, na kwa kuwa muungano wake ni mgumu kuvunjika, viwanda vya mbolea hutumia joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa ili kupata amonia.

Inapofeli ni kwenye chumvi. Sodiamu haichangii, inaiachia klorini, yenye 7, elektroni yake 1 ya nje. Zinabaki ioni, yaani atomi zenye chaji, chanya na hasi, zinazovutana. Ukichomeka kijiti katikati, mwanafunzi ataamini kuna molekuli ya NaCl, wakati ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na 6 za kloridi, yaani klorini iliyopokea elektroni. Kijitabu cha maelekezo hakigusii hilo hata kwa sentensi moja, na kwa kifaa cha kufundishia naona ni kosa kubwa. Mimi chumvi naichora ubaoni.

Kwa miungano ya kuchangia elektroni, inunue bila wasiwasi. Ila kaboni zilizomo ni chache; ukifika haidrokaboni (michanganyiko ya kaboni na haidrojeni) za kidato cha nne utahitaji seti ya pili.