TAHADHARI: Kuna mwanamke anatoa ajira hewa Dar kwa jina la kampuni ya watu

Ndugu zangu, niliona aibu kuliandika hili. Lakini leo asubuhi tangazo lile lile la kazi lililoniponza limerudi kwenye magrupu ya WhatsApp, maneno yale yale, namba ya simu tu ndiyo mpya. Siwezi kunyamaza.

Mnaonijua mnajua nilikuwa kwenye hali gani tangu mambo ya Kariakoo yaishe, sina kazi. Kazi iliyotangazwa ni utunza stoo, nikaomba, nikaitwa kwenye usaili.

Sikuitwa uchochoroni. Niliitwa kwenye chumba cha mikutano cha hoteli moja Sinza, kiyoyozi kinafanya kazi, maji ya chupa mezani, na kwenye korido tumepanga foleni kila mtu na bahasha yake ya vyeti. Mwanamke mtu mzima, suti ya bluu, kitambulisho shingoni chenye nembo ya kampuni. Akaniuliza maswali ya kazi, siyo ya kubabaisha: "Mzigo umefika pungufu kuliko ulivyoandikwa kwenye delivari, unasaini au husaini?" Mtu asiyeijua stoo haulizi hivyo! Akanieleza mshahara, akasema nitakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kampuni itaniwekea 10 yake. Halafu akatoa barua. Majina yangu matatu bila kosa hata la herufi moja, nembo juu, muhuri chini. Akanishika mkono: "Hongera mdogo wangu, Jumatatu saa mbili uripoti."

Nimeshainuka ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kabla ya Jumatatu kuna 85,000 ya kupima afya na sare, inarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Nilipoweka namba kwenye simu, likaja jina la mwanamume. Nikamwonesha. Hakupepesa hata jicho: "Huyo ni mhasibu wetu, lipa namba ya kampuni inasumbua tangu asubuhi." Nikabonyeza. Hela ile mama aliitoa kwenye kikoba.

Wanaoniuliza kwa nini sikuchunguza, nilichunguza. Jina la kampuni nililitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, likatokea, imesajiliwa. Tovuti ipo, malori yao nayaona kila siku Barabara ya Nyerere. Nikamuuliza na jirani aliyewahi kufanya kazi pale, akasema wanalipa kwa wakati. Yote hayo ni kweli mpaka sasa. Kampuni ipo. Asiyekuwepo pale ni yule mwanamke! Ndiyo maana jina la kampuni silitaji, wenyewe wamechafuliwa kama sisi.

Jumatatu mlinzi aliisoma barua, akanirudishia polepole, akasema: "Dada, na wewe pia?" Pembeni ya geti alikuwepo kijana ametoka Morogoro na begi lake la nguo, ameshalipia hadi chumba cha kupanga. Afisa utumishi akatoka, akatuonesha barua yao halisi. Hata nembo hazifanani rangi. Yule kijana alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Huyu mwanamke afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mtandao, na barua pepe zake za kujiita afisa ajira ninazo zote. Na asifungwe peke yake, na huyo "mhasibu" pia, maana laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu! Anatafutika. Wanawala watu wasio na kazi, watu waliokopa nauli ya kuja kwenye usaili. Warudishe kila shilingi ndipo waende jela.

Mkiitwa: msiishie BRELA. Pigeni simu kampuni yenyewe, namba muitoe kwenye tovuti yao au muende getini, siyo namba iliyo kwenye tangazo, na muulize kama nafasi hiyo ipo na kama huyo anayewasaili wanamjua. Usaili hotelini wakati kampuni ina ofisi zake hapa hapa mjini, ulizeni kwa nini. Barua yangu haikutaja kituo cha kazi wala saa za kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka viandikwe. Akijiita wakala wa ajira ni hivyo hivyo, kanuni za 2014 za mawakala wa ajira zinamkataza kumtoza mtafuta kazi. Namba iliyowatapeli itumeni kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Mimi RB, namba ya taarifa niliyofungua polisi, ninayo. Aliyelipa kwa jina lile la mwanamume anitafute inbox aje na ujumbe wa muamala, twende kituoni pamoja. Mpelelezi amesema tukiwa wengi jalada linapata nguvu. Kijana wa Morogoro, kama unasoma hapa, namba yako haipatikani, nitafute.