Metal Gear Solid 4: nimeirudia yote bila kuruka katsini hata moja, haya ndo maoni yangu

Wakuu, kila hii gemu ikitajwa mahali utasikia kauli ile ile, eti ni sinema ndefu ambayo ndani yake kuna gemu kidogo. Nimeirudia yote mwanzo mwisho na nimejizuia kuruka katsini hata moja (vile vipande vya video vinavyoingia katikati ukabaki unaangalia tu), na kwakweli wanaosema hivyo hawajadanganya. Ilitoka Juni 2008 kwa PS3, kampuni ni Konami, muongozaji Hideo Kojima, na iliingia mpaka kwenye rekodi za Guinness kwa urefu wa katsini, moja ina dakika 27 na ule mfululizo wa kufungia gemu unafika dakika 71. Dakika 71! Padi umeiweka pembeni, betri yake inaisha taratibu, wewe unaangalia watu wazima wanaongea.

Ila mi urefu wenyewe haunisumbui kama watu wanavyodhani. Kinachonikera ni pale katsini inapofanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Kwa mfano sehemu ya pili, Amerika Kusini, umeshahangaishwa na zile Gekko, yale maroboti marefu yenye miguu tu yanayolia kama ng'ombe, yani unajificha hapa unakimbilia kule, risasi zako haziyafanyi kitu, halafu anatokea Raiden, mwenzako wa upande wako, na panga lake anayacheketa yote kwa mbwembwe, na hapo hapo anaingia kwenye pambano na Vamp, mmoja wa maadui, visu, sarakasi, damu nyeupe kila mahali. Ni pambano zuri sana kuliangalia, sikatai, lakini hivi kwanini mimi nipewe kutambaa kwenye majani na yeye apewe raha zote? Ile ni gemu nyingine kabisa inayochezwa mbele yangu na mtu ambaye si mimi.

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo, ambalo watu hawalisemi. Wale mabosi wanne (maadui wakubwa wa kupambana nao mmoja mmoja), Laughing Octopus, Raging Raven, Crying Wolf na Screaming Mantis, kila mmoja ana historia nzito ya vita iliyomharibu akili. Unaijuaje hiyo historia? Unapambana naye, unamaliza, halafu Drebin muuza silaha anakupigia kwenye kodeki, ile redio ya mawasiliano ndani ya gemu, anakusimulia maisha yake yote, alizaliwa hivi, wakamfanyia vile. Umeshamuua tayari bana! Hakuna hata kimoja katika hayo nilichokigundua mwenyewe wakati napigana naye, na ukishasikia cha kwanza unajua wengine watatu watakuja na simu hiyo hiyo. Hapo mi natoa maksi za chini kabisa, na angalia kwamba hata si katsini ndefu, ni simu tu ya dakika chache. Uvivu wa kusimulia hauhitaji saa nzima.

Sasa geukia upande wa pili, manake gemu hii hii ndo ina kitu kimoja cha kuhadithia kwa mikono ambacho mpaka leo sijakisahau. Karibu na mwisho Snake, yule unayemchezea, ambaye hapa ni mzee, mwili unazeeka kwa kasi isiyo ya kawaida, inabidi apite kwenye korido inayochoma kwa mikrowevu. Skrini inagawanywa, juu unaona wenzake wanapigana na wanazidiwa, chini Snake anatembea, anaanguka magoti, anaanza kutambaa, na kazi yako ni moja tu, kubonyeza pembetatu, bonyeza, bonyeza, bonyeza, na inaendelea muda mrefu mpaka kidole kinauma kweli na unaanza kujiuliza hivi hii kitu inaisha au nimekosea mahali. Hakuna ujanja wowote pale, hakuna cha kushinda. Lakini yale maumivu yake yamekuingia kwenye gumba lako, na wangeiweka kama katsini ya kuangalia tu ingepita ukasahau.

Halafu sehemu ya nne unarudi Shadow Moses, ile kambi ya Metal Gear Solid ya kwanza ya 1998, na kwa muda mrefu hakuna anayekukatiza, unatembea kwenye theluji na magofu, kamera za ulinzi za zamani zimekufa, na ukifika mahali fulani unasikia sauti za mazungumzo ya miaka ile. Aliyecheza ile ya kwanza atapata kitu hapo ambacho mgeni hawezi kukipata, na nadhani ndo sababu wapenzi wa hii sirizi wanaitetea mpaka povu linawatoka.

Kuna mtu ataniambia basi kacheze Half-Life, pale hakuna katsini. Ni kweli, Valve tangu 1998 walikataa kukutoa kwenye macho ya Gordon Freeman, yule unayemchezea, hata mara moja, na ya pili ya 2004 ina lile tukio la mwanzoni pale stesheni, askari anaangusha kopo chini kwa makusudi anakwambia uliokote utie kwenye pipa, unaweza kutii au unaweza kumrushia nalo ukakimbia, na kwa sekunde chache umeshaelewa mji mzima unaishi vipi bila mtu kukuhutubia. Hapo nawapigia saluti. Ila wakuu tuwe wakweli, zile sehemu za maabara ambapo mwanasayansi Kleiner na wenzake wanapiga stori na mlango umefungwa mpaka wamalize, mi huwa nabaki narukaruka juu ya meza na kurusha vitu hovyo. Hiyo nayo ni katsini tu, tofauti ni kwamba miguu umeachiwa, na tena huwezi kuiruka. Kojima angalau anakuruhusu kusimamisha na kuruka.

Na usiniletee zile za kushtukizwa na vitufe katikati ya video, kama ile ya visu na Krauser, mmoja wa maadui, kwenye Resident Evil 4 ya 2005. Unaangalia mazungumzo, ghafla bonyeza hiki, umechelewa, umekufa, anza upya sikiliza tena maneno yale yale. Huangalii sinema tena, unalinda vitufe tu, na ukimaliza huwezi hata kukumbuka walikuwa wanazungumza nini.

MGS4 yenyewe inajaribu njia ya katikati na kuna mahali inafanikiwa. Zile taarifa za kabla ya misheni ndani ya ndege, watu wanaongea huku wewe unaendesha karoboti kadogo ka Otacon, rafiki wa Snake na fundi wake, unazunguka sakafuni, unaokota vitu. Pia ukibonyeza X katikati ya katsini picha za gemu za nyuma zinapita haraka, inasaidia sana kama majina yameshakuchanganya, na yatakuchanganya, manake stori ya mfumo wa Patriots (kundi la siri linaloendesha dunia) na nanomashini (vimashine vidogo mno ndani ya miili ya watu) inabeba kila kitu na inajibu hata maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Ukitaka kujua Kojima anapofanya vizuri kuliko wote rudi nyuma kwenye ya tatu, ya 2004. Pale mwisho (ruka hii aya kama hujaicheza) katsini inasimama, silaha iko mkononi, mwanamke aliyekufundisha kila kitu amelala kwenye maua, na hakuna kinachotokea. Kimya. Mpaka ubonyeze wewe. Dakika nyingi za maongezi zilizotangulia zote zilikuwa zinakuandaa kwa kitufe kimoja, na zile katsini unazisamehe zote hapo hapo. Kwenye ya tano, 2015, alikata maongezi akayahamishia kwenye kaseti unazosikiliza ukitaka, watu wakafurahi mwanzoni halafu wakaanza kulalamika stori haipo. Mi mmoja wao, sijifichi.

Kwahiyo MGS4 naipa 8 kati ya 10, ningetoa 9 kama si Drebin na simu zake. Usianze nayo kama hujagusa za nyuma, utalia. Na kama unacheza kwenye PS3 yenyewe shusha ile pachi ya 2012 ndo uweze kuinstoo gemu yote mara moja, la sivyo kila sehemu mpya utakaa unamwangalia Snake anavuta sigara huku inajiinstoo. Mwisho kabisa jipangie usiku ambao hakuna atakayekusumbua, na majina ya watengenezaji yakianza kupanda usizime, kuna mtu bado hajaongea na anayo mengi.