Ndege ya povu ya sentimita 48: inafaa, lakini isugue kwanza

Ndege hii ya kurusha kwa mkono, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchezea katikati ya Nairobi, ina vipande vitatu tu. Povu lake ni imara. Kasoro iko kwenye bawa: ukingo wa mbele una mabaki ya povu yaliyoachwa na kalibu, na pale linapoingia kwenye kiwiliwili pana mwanya. Hewa huvurugika hapo na ukinzani wa hewa huongezeka. Sugua ukingo wa mbele kwa msasa namba 400 hadi uwe mviringo, wa nyuma uwe mwembamba, kisha ziba mwanya kwa selotepu. Usiipake rangi, uzito huongeza ukinzani unaotokana na bawa kuinua ndege.

Itegemeze kwa vidole viwili, theluthi moja ya upana wa bawa (mbele hadi nyuma) kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, bandika plastisini puani, la sivyo itainua pua, ipoteze kasi na kudondoka.

Irushe Uhuru Park asubuhi, upepo ukiwa mdogo. Usitumie nguvu zote: kasi ikiwa maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Hata hivyo, Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, kwa hiyo inahitaji kasi zaidi kidogo.