Nyumba ya kuzeekea Malindi: uzoefu wangu wa kuchagua mtaa

Nyumba tuliyonunua Malindi haioni bahari. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu hulitaka kwanza, na nikiwajibu naona wanavyonionea huruma. Iko upande wa ndani wa barabara ya Casuarina, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, ndani ya mtaa wenye ukuta na geti ambao wakazi wake wengi ni wastaafu. Mimi nilikuwa muuguzi, mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa bandarini Mombasa, na goti lake la kulia lilikataa ngazi tangu kabla hajastaafu. Tulitafuta Lamu, Watamu, Mambrui na Malindi penyewe. Haya ninayoandika ni yale ambayo madalali hawakutuambia.

Mitaa hii haikujengwa kwa ajili yetu, hilo lieleweke. Waitaliano walianza kuja miaka ya 1960 na mradi wao wa setilaiti kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka San Marco, jukwaa lao la baharini, ilipaa mwaka 1967. Wakapapenda, wakaita jamaa zao, jamaa wakajenga. Mpaka leo wako wauza matunda Malindi wanaokutajia bei kwa Kiitaliano wakikuona umevaa kofia ya jua. Wengi wa wenye nyumba hizi ni wazee wa pensheni wanaokimbia baridi ya kwao. Huingia kaskazi inapoanza, Novemba au Desemba, na Pasaka ikipita wanafunga milango na kurudi kwao. Wakenya tuliofuata tumekuta mambo yamepangwa kwa kalenda hiyo.

Ndiyo maana nasema usinunue nyumba uliyoiona Januari tu. Mtaa wa kwanza tulioupenda tuliuona Januari: bwawa la buluu, maua ya bogenvilia ukutani, wazee wamekaa na kahawa, mmoja akatukaribisha kwa Kiswahili kizuri kuliko cha dalali. Mzee wangu alikuwa tayari kutoa arubuni siku hiyo hiyo. Nikamwambia tungoje masika. Tukarudi Juni, bila dalali, bila kupiga simu. Bwawa lilikuwa rangi ya mchicha uliochemshwa. Askari alikuwa kijana wa Kigiriama, amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio pajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiku hapa wanalala watu nyumba ngapi?"

Akacheka. "Sasa hivi? Kuna babu mmoja Mzungu nyumba ya mwisho. Na mimi. Na paka."

"Mishahara inakuja lakini?"

"Tunangoja wa mwezi wa tatu."

Juni hiyo, nakumbusha. Mazungumzo hayo hayakufika dakika tano, na yalikuwa na faida kuliko vile vitabu vya picha tulivyopewa ofisini kwa dalali. Mtu aliye peke yake Juni, umri wa miaka 70, akianguka bafuni usiku, atasikiwa na nani? Nimefanya kazi wodini muda wa kutosha kujua kwamba mzee aliyevunjika nyonga hadhuriwi na kuvunjika peke yake; hudhuriwa na saa alizolala sakafuni kabla hajaonekana. Kwangu jirani anayelala pale mwaka mzima ana thamani kuliko bahari.

Sasa ada ya mwezi, ile wengi wanaiita servisi chaji. Hii ndiyo roho ya mtaa wa namna hii na ndipo watu wanapoumia. Inalipa askari, bustani, bwawa, taa za nje, pampu ya maji na jenereta. Usiulize ni shilingi ngapi tu. Uliza ni wangapi wanalipa. Mwenye nyumba aliye Milano na hajafika miaka miwili hana haraka ya kulipa mshahara wa askari asiyemjua, na akikosa kulipa, pengo lake linazibwa na nyinyi mlioko. Omba hesabu za miaka mitatu na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Mtaa mmoja walinipa kumbukumbu zote, nadhifu kabisa, kwa Kiitaliano. Nikampelekea kijana wa kwetu aliyefanya kazi hotelini miaka mingi, akanisomea: ukurasa baada ya ukurasa ugomvi wa madeni, na pendekezo la kuongeza ada kwa wanaolipa. Mahali tuliponunua tunalipa shilingi 18,000 kwa mwezi. Si kidogo kwa pensheni ya serikali. Lakini orodha ya wanaodaiwa inabandikwa kwenye ubao karibu na geti, majina na kiasi, na fedheha hiyo inafanya kazi.

Halafu makuti. Kila mtu anapenda makuti mpaka siku ya kuezeka upya. Paa la makuti linapendeza, linapoza nyumba, na likiezekwa vizuri kwa makuti ya viungo yaliyobanwa karibu karibu litakaa miaka kadhaa. Likiezekwa na fundi mvivu, mvua mbili tatu za masika utaanza kupanga ndoo. Panya na popo nao wana haki zao humo. Kubwa kuliko yote ni moto: upepo wa kusi, cheche moja ya jirani, na mtaa mzima wa mapaa yanayogusana uko hatarini, ndiyo maana bima ya nyumba ya makuti ni ghali. Tulipokuwa tunakagua, nilikuwa nikiingiza mkono kati ya makuti na boriti. Yakivunjika kwa vidole kama yamekaushwa jikoni, ujue gharama ya kuezeka ni yako, na uishushe kwenye bei. Paa letu ni vigae. Watoto wanasema halina sura ya pwani. Wao hawapandi juu kuziba.

Maji nitayasema upesi. Malindi inategemea maji ya Baricho, kwenye mto Sabaki, na mfereji unaweza kukauka bila taarifa. Kila mtaa una kisima chake cha akiba, na karibu na bahari visima vingi vina chumvi. Fungua bomba la jikoni, si la bustani, na uonje. Kisha tazama vichwa vya bomba la kuogea: ukiona ukoko mweupe umeziba matundu, majibu umeshapata. Kutu nayo hula kila kitu cha chuma upande wa baharini, kuanzia bawaba za milango hadi friji. Hilo ni jambo jingine la kheri kwa sisi tulio ndani ya barabara. Na bahari yenyewe ya mbele ya mji, Sabaki unapofurika, hugeuka nyekundu kwa udongo unaotoka bara. Mchanga huo huo umeusukuma ufuo wa ghuba mbele, hivyo walionunua "mstari wa kwanza" siku hizi wanatembea kufika majini. Anayetaka maji safi ya kuogelea na asiyejali umbali, Watamu ni kuzuri zaidi.

Kazi yangu ilinifunza kubeba futi ya kupimia. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na mlango usiofika sentimita 80 ni tabu tupu, hasa ukiwa na kona. Nyumba nzuri nzuri zenye sebule ya kucheza mpira zilikuwa na mlango wa choo wa sentimita 60. Vizingiti vya zege kila chumba. Vyumba vya kulala juu, ngazi za mzunguko bila mkono wa kushikia. Zinaitwa nyumba za wastaafu, lakini aliyezichora alikuwa anawaza mgeni wa wiki mbili mwenye miguu mizima. Yetu tuliongeza vishikio bafuni na tukabomoa kizingiti kimoja, basi.

Lamu ndiyo iliyoniuma. Mama yangu ana asili ya huko na tulipewa nafasi ya kununua nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, yenye zidaka (vishubaka vya ukutani) ndani na daka (baraza la mlangoni) nje ambapo mzee wangu alikaa asubuhi moja tu na tayari akawa na marafiki watano. Hakuna mtaa wa wastaafu wenye geti utakaokupa jambo hilo. Mzee Lamu hahitaji klabu wala ratiba ya shughuli. Akikosa kuonekana alfajiri msikitini, mtu atabisha hodi. Lakini nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, ngazi za mawe zilizolika katikati, juu kama ukuta. Mji mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo huvunji na kupanua utakavyo, na ni haki, la sivyo mji ungeshaharibika. Uchochoro haupitishi gari. Mgonjwa hubebwa hadi gatini. Hospitali ya King Fahd ipo kisiwani, na kwa mengi inatosha, lakini bingwa akihitajika ni mashua hadi Manda kupanda ndege, au mashua hadi Mokowe na safari ndefu ya barabara. Mtu wa Lamu aliyezaliwa Lamu hukubaliana na hayo. Sisi tungekuwa tunaenda kujifunza tukiwa na miaka 60 na zaidi. Toka Malindi kwenda kwa bingwa Mombasa ni kilomita 120 hivi, ukiacha foleni ya Mtwapa, na kutoka kwetu hadi hospitali ya Malindi ni safari fupi ya tuktuk.

Kuhusu hati, chukua wakili ambaye si wa muuzaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na waliokuwa na umiliki wa kudumu au wa miaka 999 waligeuziwa kuwa 99 kuanzia Agosti 2010. Ukinunua kwa Mzungu mwenye hati ya namna hiyo, unanunua muda uliobaki hadi 2109, sio umiliki wa milele kama dalali anavyoapa. Nyumba nyingine ziko kwa jina la kampuni, nawe unaambiwa ununue hisa ili ukwepe gharama. Ukinunua kampuni umenunua na madeni yake, na kampuni inahesabiwa raia pale tu hisa zote zikiwa za raia. Sheria ya 2020 ya majengo ya wamiliki wengi inawezesha kila nyumba kuwa na hati yake. Uliza kama mtaa wenu umefika hapo au bado mnagawana hati moja. Weka akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Na mume na mke kaeni mzungumze mapema namna majina yatakavyoandikwa. Mzee wangu hakutaka ule umiliki ambao mmoja akifa nyumba yote inamwangukia mwenzake. Alitaka mirathi igawanywe kama dini inavyosema. Tukaandika nusu kwa nusu. Wakili alituambia wengi hawaulizi, wanatia sahihi tu.

Jambo la mwisho ni kanuni za mtaa, karatasi ambazo unapewa baada ya kulipa usipoziomba kabla. Sisi tuliziomba. Mkaa marufuku barazani. Nguo zisianikwe mbele. Kuchinja ndani ya ukuta hakuruhusiwi, kwa hiyo Idi ya kuchinja tunaenda kwa ndugu zetu mtaa wa Barani, hilo halina ubaya. Lililonikera ni mgeni kutozidi siku 14. Kwa mstaafu aliyeacha familia Ulaya ni sawa, anataka utulivu wake. Mimi wajukuu wangu hufunga shule Agosti na kuja wote, na hakuna kikao cha wamiliki kitakachonifunza kumwambia mtoto wa mwanangu muda wake umekwisha. Nilisema hivyo waziwazi kabla ya kutia sahihi. Mwenyekiti, mama wa Kikikuyu aliyestaafu benki, akanijibu kwamba kanuni iliandikwa kwa ajili ya wanaokodisha nyumba kwa watalii kwa siku, na kwamba tuilete ibadilishwe.

Pendekezo tayari nimeliandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na yule kijana wa hotelini ameniandikia la Kiitaliano: wazazi, watoto na wajukuu wa mwenye nyumba wasihesabiwe wageni. Linahitaji kura za wamiliki walio wengi, na walio wengi wako Ulaya, kwa hiyo litapigiwa kura Desemba. Majirani watatu wa mwaka mzima wameshaahidi. Jirani mmoja Mtaliano wa upande wa pili amesema ataliunga mkono ikiwa wajukuu wangu hawataogelea wakati wa usingizi wake wa mchana, saa saba hadi saa tisa, na sioni kwa nini nisimkubalie.