TAHADHARI: Monita za ofisini zinauzwa Kariakoo kama monita za gemu za 165Hz

Wachezaji wenzangu wa PS na wa kompyuta, hasa mnaojipanga kununua monita ya bei ya kati, ile ya laki nne hadi laki saba, naomba msitume hela kabla ya kusoma hii hadi mwisho. Kuna monita zilizochakachuliwa zinazunguka Dar es Salaam, na sasa zinatumwa hadi mikoani kwa mabasi. Ni monita za kawaida za ofisini, za 60Hz au 75Hz (Hz ni idadi ya mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde), zilizoingia nchini kama mtumba. Zinafutwa vumbi, zinabandikwa stika mpya nyuma, kisha zinauzwa kwa jina la monita za gemu za 144Hz na 165Hz. Mimi ni fundi wa kompyuta na konsoli. Zimekuwa zikiletwa mezani kwangu, na karibu kila anayeileta anaamini tatizo ni waya wake au PS5 yake.

Iliyoniuma zaidi ni ya mdogo wangu. Kijana amebana matumizi tangu mwanzo wa mwaka, akapata tangazo Instagram: "inchi 27, 2K, 165Hz, used kutoka Dubai, kama mpya". Akaelekezwa afike Kariakoo. Hakupelekwa dukani moja kwa moja; alipokelewa barabarani na winga (dalali wa mtaani), akapandishwa ghorofani kwenye chumba kidogo chenye kompyuta moja iliyokwisha kuwashwa na monita imechomekwa tayari. Akaonyeshwa video ya YouTube iliyoandikwa 240fps, yaani fremu (picha) 240 kwa sekunde, akaonyeshwa mipangilio ya Windows ikisema 2560×1440, ile inayoitwa 2K au 1440p, akalipa laki nne na themanini kwa simu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliambiwa mashine ina hitilafu. Akaandikiwa karatasi ya mkono: "bidhaa ikitoka haitarudishwa".

Muuzaji simtaji kwa jina la akaunti, kwa sababu jina analibadilisha kila anapobanwa na mnaweza mkaliepuka hilo mkaangukia jipya. Utaratibu wake ndio haubadiliki, na huo ndio mnaopaswa kuujua.

Kwanza, kompyuta ya maonyesho ni yake na hataki uchomeke ya kwako. Sababu ni kwamba kadi za picha, za NVIDIA na za AMD, zina uwezo wa kuidanganya Windows ikaonyesha rezolusheni (idadi ya nukta za picha) kubwa kuliko ya monita. Picha inachorwa kubwa kisha inapunguzwa kabla ya kutumwa kwenye waya. Ukiangalia juu juu utaona 2560×1440. Lakini fungua mipangilio ya onyesho, ingia mipangilio ya kina ya onyesho (Advanced display), utakuta mistari miwili: mmoja unasema hali ya dawati (Desktop mode), wa pili unasema ishara inayotumwa kweli (Active signal mode). Ule wa pili ndio wa kusoma. Kwa mdogo wangu, nilipoichomeka monita ile kwenye kompyuta yangu, ilikubali 1920×1080, yaani 1080p, kwa 60Hz na si zaidi.

Pili, ile video. YouTube haichezi zaidi ya fremu 60 kwa sekunde, hata kama kichwa cha video kimeandikwa 240 au 1000. Video ile itapendeza vilevile kwenye monita ya 60Hz ya karani wa benki. Mtu anayekuthibitishia 165Hz kwa YouTube ama hajui anachouza, ama anajua na anakuhesabia kuwa hujui.

Tatu, vifungo vya menyu vimefungwa. Monita nyingi zina namna ya kufunga menyu ili wafanyakazi wa ofisini wasichezee mipangilio, na yeye anaitumia hiyo ili usione ukurasa wa taarifa ndani ya monita yenyewe. Ukibonyeza, unaona alama ya kufuli. Kwa kawaida hufunguka ukishikilia kitufe cha menyu sekunde kadhaa. Nilipofungua ya mdogo wangu, jina la modeli lililokuwa ndani halikufanana kabisa na la stika. Nikachokoa kona ya stika kwa ukucha: chini yake kulikuwa na stika nyingine, ya kiwandani, yenye modeli ya ofisini na tarehe ya kutengenezwa ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na nyuma kulikuwa na matundu ya kizamani ya VGA na DVI; DisplayPort, tundu la kawaida la monita za gemu, hakuna. Monita ya 1440p na 165Hz isiyo na DisplayPort lakini ina VGA, ndugu zangu, hiyo pekee inatosha kukufanya ushuke ngazi.

Kuna aina nyingine iliyo mbaya zaidi, na hii nawaomba muisome taratibu. Kila monita ina kichipu kidogo kinachoitambulisha kwa kompyuta au konsoli pindi waya unapochomekwa. Taarifa hizo huitwa EDID. Kichipu hicho kinaweza kuandikwa upya. Nimeshika monita ambayo Windows iliitambua kuwa ni ya 120Hz, PS5 nayo ikakubali kutuma 120Hz, kumbe paneli, yaani kioo chenyewe, inaonyesha 60 na kutupa fremu moja katika kila mbili. Hapo mipangilio haikusaidii kitu, kwa sababu inasoma kile ilichoambiwa. Dawa yake ni jaribio la picha. Fungua testufo.com, nenda kwenye jaribio la kuruka fremu (Frame Skipping). Utaona visanduku vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Piga picha kwa simu ukiwa umeweka kamera ichukue mwanga kwa muda mrefu kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde; simu nyingi zina hali ya kitaalamu inayoruhusu hilo. Visanduku vilivyowaka vikiwa vimepangana bila pengo, monita ni ya kweli. Ukiona kimoja kimewaka, kinachofuata kimerukwa, kingine kimewaka, fremu zinatupwa. Kama simu yako inarekodi mwendo wa polepole wa fremu 240, rekodi kishale cha kipanya kikitembea: kwenye 120Hz halisi kinabadilika kila baada ya fremu mbili za video, kwenye 60Hz kila baada ya nne.

Laptop nyingi za miaka ya karibuni zenye HDMI zinaweza kutuma 1080p kwa 120Hz, kwa hiyo huhitaji kubeba kompyuta kubwa hadi Kariakoo. Beba laptop, waya wako mwenyewe, na simu. Muuzaji mkweli atakupa kiti ukae ujaribu. Wapo wengi pale, na baadhi yao wanaumizwa na huyu kuliko sisi.

Lazima nitende haki hapa, maana nimeona watu wakimvamia muuzaji asiye na kosa. Kushindwa kupata 144Hz si ushahidi wa utapeli kila mara. Zipo monita halisi, hasa za zamani kidogo, zinazotoa 144Hz kwa DisplayPort tu, na kwa HDMI zinaishia chini ya hapo. Waya wa HDMI wa bei ndogo nao unaweza kukwama. Na Windows mara nyingi huanza na 60Hz hadi uibadilishe mwenyewe. Jaribu yote hayo kwanza kabla ya kumwita mtu tapeli.

Sasa, kwa nini watu wanaingizwa mjini kirahisi hivi? Kwa sababu tangazo limejaa namba ambazo mnunuzi wa PS5 hazihitaji, na zile anazozihitaji hazitajwi. PS5 na Xbox Series X haziendi zaidi ya 120Hz. Anayecheza kwa konsoli peke yake akiuziwa 240Hz amelipia kitu ambacho konsoli yake haitakigusa. Namba hizo kubwa zina maana kwa mwenye kompyuta yenye kadi ya kuzisukuma. PS4 ya kwanza na Switch ya kwanza zinaishia 1080p kwa 60Hz, basi. PS5 ilipotoka mwishoni mwa 2020 haikuwa na 1440p. Iliongezwa kwa sasisho la Septemba 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia "PS5 haikubali 2K, chukua hii ya 1080p kwa bei hiyohiyo", anakupa habari iliyopitwa na wakati.

HDMI ndiyo inayowachanganya wengi. HDMI 2.0 inatosha kabisa kwa 1440p na 120Hz, na kwa 4K (3840×2160) inaishia 60Hz. Ukitaka 4K na 120Hz kwenye konsoli, unahitaji HDMI 2.1 yenye uwezo kamili, na monita ya namna hiyo kwa laki nne sijaiona. Maneno "HDMI 2.1" yaliyoandikwa kwenye boksi pia hayatoshi: mwishoni mwa 2021 ilibainika wazi kwamba wasimamizi wa HDMI wanaruhusu kifaa kiitwe 2.1 hata kama uwezo wake ni ule wa 2.0, kwa sababu vipengele vipya ni vya hiari. Uliza swali moja tu: inapokea 4K kwa 120Hz, ndiyo au hapana? Kisha uone kwa macho. FreeSync, aina ya VRR, yaani teknolojia ya kulinganisha kasi ya monita na ya gemu, nayo ina mtego wake: Xbox inaitumia, lakini PS5 inahitaji VRR ya HDMI 2.1, kwa hiyo monita yenye FreeSync juu ya HDMI 2.0 haitakupa VRR kwenye PS5 hata ufanye nini. Na "HDR10" (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) kwenye tangazo inamaanisha tu kwamba monita inapokea ishara hiyo. Kipimo chenye maana ni cheti cha DisplayHDR kutoka VESA, shirika la viwango vya monita, na hata DisplayHDR 400, iliyo ya chini kabisa, haikupi picha ya kushangaza.

Mimi nikiulizwa na mtu wa bajeti ya kati anayetumia PS5 na kompyuta pamoja, namwambia inchi 27, 1440p, paneli ya IPS, 144Hz au 165Hz, yenye DisplayPort moja na HDMI 2.0 mbili. Hela ikibana, inchi 24 ya 1080p na 144Hz itamfaa miaka mingi. Paneli za VA, aina nyingine ya kioo, zina weusi mzuri, ila za bei nafuu huacha kivuli vitu vyeusi vinapokimbia, na hilo huudhi kwenye gemu za risasi. Pia kumbukeni sauti: monita nyingi hazina spika, na PS5 haina tundu la optiki, kwa hiyo mjipange na hedifoni ya kuchomeka kwenye kidhibiti.

Kwa walio Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, hatari yenu ni kubwa zaidi kwa sababu huwezi kujaribu. Huyu bwana hudai hela yote kabla ya kupeleka mzigo stendi, kisha anakutumia picha ya boksi likiwa limeandikwa jina lako. Picha ya boksi haina maana yoyote. Mwenye ndugu au rafiki Dar amtume akajaribu kwa niaba yake. Asiye na mtu adai apigiwe simu ya video, monita ikiwashwa mbele yake, menyu ikifunguliwa, na stika ya nyuma ikionyeshwa kwa karibu. Kisha atafute modeli hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza na kulinganisha matundu ya nyuma, tundu kwa tundu. Na hela isitumwe kwa namba ya mtu binafsi wakati muuzaji anajiita duka. Duka lina "Lipa Namba" yake, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala lifanane na la duka.

Tulirudi na mdogo wangu pale ghorofani. Kwanza tuliambiwa waya wetu mbovu. Nilipochomeka laptop yangu na kumwonyesha muuzaji, akabadilika, akasema tuongeze laki moja atupe "kubwa zaidi". Niliiangalia hiyo kubwa zaidi: stika ileile, herufi zilezile zilizopinda. Msikubali kuongeza hela kwa mtu wa namna hii.

Kama umeshalipa, usirudishe stika mahali pake na usiifungue monita kwa bisibisi. Piga picha stika zote mbili, ukurasa wa taarifa ndani ya menyu, na matundu ya nyuma. Hifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo yote, na tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Peleka hivyo Tume ya Ushindani, FCC. Kuuza bidhaa kwa maelezo ya kupotosha kunagusa Sheria ya Ushindani ya 2003, na bidhaa bandia ni kazi yao. Toa taarifa polisi uchukue namba ya taarifa yako (RB), maana mtandao wa simu unaweza kukuuliza hiyo kabla ya kushughulikia namba iliyopokea hela. Kunyimwa risiti ya EFD ni kosa linalojitegemea, na TRA wanapokea taarifa hizo. Mdogo wangu ameshafika FCC na polisi. Waliouziwa kwa utaratibu huu, ghorofani, kwa winga, na ile karatasi ya mkono, niandikieni na picha ya stika yenu, tuwasilishe pamoja badala ya kila mmoja kwenda peke yake.